Besi ya Taarabu Imaliziwe Nyumbani

Besi ya umeme imekwisha kuwa mwenyeji katika arusi zetu za mwambao, lakini mpaka hivi leo haijajifunza lugha ya nyumba. Udi wasema bayati, fidla yaitikia bayati, na mwimbaji naye yumo humo humo. Besi ikifika penye ile sauti iliyo kati na kati, ama hunyamaza ama hutaja sauti ya jirani. Mwenye sikio hukunja uso, kisha akamlaumu mpigaji. Nathubutu kusema kwamba mpigaji aonewa. Ila iko katika chombo, na hasa katika namna kilivyomaliziwa kiwandani na watu wasioshughulika na bayati wala rasti.

Kabla ya besi hii lilikuwapo lile dude kubwa la kusimama, lenye shingo laini, ambalo wenzetu wa Culture Musical Club ya Unguja wamelishikilia. Mwaka 1951 Leo Fender, aliyewahi kuwa na duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, alitoa gita la besi la ubao mtupu, lisilo tumbo, likapewa jina la Precision, yaani usahihi. Hakuwa wa kwanza. Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kuunda besi ya umeme katika miaka ya 1930, lakini ya Fender ndiyo iliyoenea duniani. Usahihi huo ulitokana na vyuma vyembamba vilivyokatizwa juu ya shingo, ambavyo wapigaji huviita freti. Abonyezapo mtu uzi nyuma ya freti, sauti hutoka sawa bila ya kidole kupapasa.

Usahihi, lakini wa nani? Uzi wa besi hiyo una urefu wa inchi 34, kiasi cha milimita 864, tangu kijiti cha juu kinachopitisha nyuzi mpaka daraja la chuma lililo chini. Freti ya kwanza hukaa milimita 48 na nusu kutoka kwenye kijiti, na baada ya hapo nafasi huzidi kupungua kwa hesabu moja isiyobadilika, mpaka freti ya 12 ikakaa nusu kamili ya uzi. Hiyo ni hesabu ya piano, ambayo hukata ngazi nzima ya sauti vipande 12 vilivyo sawa. Bayati na rasti hazienei katika vipande hivyo. Zina sauti zinazoangukia baina ya freti mbili, na mpigaji hana njia ya kuzifikia ila kuuvuta uzi kwa nguvu, na nyuzi za besi msomaji azijua zilivyo nene. Udi hauna taabu hiyo, kwa kuwa shingo yake ni laini. Gambusi lililotujia kutoka Yemen ni vivyo hivyo.

Basi dawa yajulikana, nayo ni besi isiyo freti. Wala kuzing'oa si bidaa. Mwaka 1961 Bill Wyman, Mwingereza aliyekuja kujulikana na kundi la Rolling Stones, alichukua besi ya bei nafuu akaichonga upya, akang'oa freti akikusudia kuweka mpya. Alipoijaribu vile ilivyo akaipenda, akaiacha. Mwaka 1966 kampuni ya Ampeg ya Marekani ikaanza kuziuza besi za namna hiyo. Kisha akaja Jaco Pastorius wa Florida, na besi ya Fender ya mwaka 1962 iliyong'olewa freti. Santuri yake ya 1976 iliwafanya wapigaji wa dunia nzima kuitamani sauti ile inayoimba kama mtu.

Habari ya besi ya Jaco ina jambo ambalo ningependa fundi wa majahazi wa Matondoni alisikilize. Nyufa zilizoachwa na freti zilijazwa, halafu ubao wa shingo ukapakwa tabaka kwa tabaka gundi ngumu yenye kung'aa ambayo watu wa kwao huipaka mashua. Sababu yake haikuwa urembo. Nyuzi alizotumia zilizungushiwa waya wa mviringo, na waya huo hula ubao kama tupa. Kwa hivyo besi iliyosifiwa kuliko zote ilimaliziwa kwa dawa ya chombo cha baharini. Nani ajuaye kuulinda ubao na maji na chumvi kuwashinda watu ambao baba zao walipaka majahazi sifa na kuyatia kalafati?

Na vanishi nayo si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini huko Mrima, mkabala na Unguja, ilipakiwa merikebuni ikapelekwa Salem, Massachusetts, ikasafishwa huko, na wapikaji wa vanishi wakaithamini kwa ugumu wake. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikamweka balozi wake mdogo Unguja. Sandarusi ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizowavuta. Kufikia zama za Fender, laka za viwandani zilikwisha kuipita, na yeye alitumia rangi zile zile za magari. Lakini mwenye kutuambia kwamba mng'aro ni elimu ya ng'ambo, na aulize kwanza malighafi ilitoka wapi.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye mzizi wa maneno. Kukata ubao kwa umbo la gita si tatizo kwa seremala yeyote mwenye msumeno na randa. Gita huharibika, au hutengenea, katika hatua mbili za mwisho, nazo ni kumalizia ubao na kuunganisha viungo. Kwa hali yetu ya hewa hatua ya kwanza ina uzito zaidi. Masika ubao hunywa unyevu, kaskazi ikivuma huutoa. Shingo ikinywa upande mmoja kuliko wa pili hupinda, na ikipinda hata kidogo nyuzi hugonga ubao. Hapo pia pana mvuto wa nyuzi nne, ambazo zikikazwa huvuta kwa pamoja zaidi ya kilo 70 usiku na mchana, na ndiyo sababu ndani ya shingo hutiwa fito ya chuma ya kuizuia. Kwa hiyo ubao na upakwe kila upande: mbele, nyuma, kwenye ncha zilizokatwa ambako mti hunywa zaidi, na hata ndani ya mashimo ambayo jicho halifiki. Hapo ndipo mvivu hujulikana.

Kabla ya kupaka ni msasa. Neno hili ni letu: msasa ni mti ambao majani yake hukwaruza, na wazee walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi za dukani. Fundi huanza na namba 80, akapanda 120, 180, mpaka 320, daima akifuata mkondo wa mti. Kisha huupangusa ubao kwa kitambaa kibichi akauacha ukauke. Vinyuzi vya mti vitasimama kama manyoya ya kuku, naye avikate tena kwa msasa laini. Akiiruka hatua hii, vanishi ya kwanza itavisimamisha yenyewe na uso wote uwe na vipele. Vanishi ipakwe nyembamba, ikauke barabara, isuguliwe, ipakwe tena. Mgongo wa shingo mimi ningeupaka mafuta tu, maana mkono wenye jasho la Mombasa hunata kwenye vanishi nene.

Kuhusu mbao, mbambakofi wa milango yetu ni mti wa fahari lakini ni mzito mno. Kiwiliwili cha besi peke yake chaweza kukaribia kilo 4, na arusi ni ndefu. Mfenesi na mvule zafaa zaidi begani. Ubao wa juu ya shingo, unaoguswa na vidole, ungekuwa wa mpingo. Mpingo ni mgumu hata hauhitaji ile gundi ya Jaco. Husuguliwa ukang'aa wenyewe. Taabu yake ni kwamba mti huu hukua kombo, na kupata kipande kilichonyooka cha sentimita 70 ni kazi. Isitoshe, tangu Januari 2017 jamaa zote za mti huo zimewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe, ingawa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zilifunguliwa mlango. Fundi anunue kwa muuzaji mwenye karatasi zake.

Mafundi hodari huliunganisha gita mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya rangi: shingo hufungwa mahali pake, daraja na vigingi vikawekwa, uzi mwembamba ukavutwa kutoka juu mpaka chini kutazama kama shingo imeelekea daraja sawasawa. Kosa likionekana wakati huo, patasi hulimaliza. Likionekana baada ya vanishi, ni hasara. Halafu vyote hufunguliwa, ubao ukapakwa, vikarudishwa. Mahali shingo inapokalia pasipakwe rangi nene, kwa kuwa mbao mbili hizo zataka kukutana uso kwa uso, na skrubu nne zikazwe bila ya kitu kinachoteleza katikati.

Kisha ni umeme. Sumaku zinazodaka mtikiso wa nyuzi huitwa pikapu, wala si gari la kubebea miraa. Ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko kwa maelfu. Vijana wetu wanaosuka upya mota za feni wameuzoea waya wa shaba, na sioni kwa nini wasijaribu. Nyaya hutiwa lehemu, na waya mmoja wa ardhi lazima ufike kwenye daraja. Ukisahauliwa, spika huvuma kama mzinga wa nyuki. Vigingi, daraja, fito na nyuzi tutanunua, wala si aibu. Fundi wa udi naye hununua nyuzi.

Wako watakaosema kwamba mjadala huu wote ni wa bure kwa kuwa ala za nyuzi zina kauli za wanazuoni. Mimi si mufti, na mwenye kuziepuka nampa heshima yake. Lakini ala hizo zimo katika arusi zetu tangu zamani, na Lamu iliyochonga milango na kusoma maulidi ndiyo hiyo hiyo iliyochonga kibangala. Leo fundi wa kibangala ni wa kutafutwa kwa taa. Neno la sasa ni je, ala zinazopigwa mbele ya mama zetu na dada zetu zitachongwa na nani, na riziki yake iende kwa nani.

Wengine watasema besi ya kiwandani ni rahisi kuliko ya kuchonga. Ni kweli. Hata hivyo kuna kilicho rahisi zaidi ya hiyo, nacho ni kutokuwa na mpigaji wa besi kabisa. Yamaha na Korg hutengeneza vinanda vyenye vitufe vya kushusha sauti kwa robo, makusudi kwa soko la Waarabu. Kinanda kimekwisha jifunza bayati! Katika taarabu ya kisasa mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, au mashine iliyomo ndani yake, hufanya kazi ya besi nzima, na mwenye kikundi ana mtu mmoja pungufu wa kumlipa. Mpiga besi mwenye freti hana hoja ya kujitetea. Ataambiwa kwamba kinanda kinaijua rasti kumshinda, na ataambiwa kweli. Apewe besi isiyo freti, awe na kitu ambacho kitufe hakina: kidole kinachoteleza kutoka sauti hadi sauti kama kidole cha mpiga udi.

Kwa hivyo nasema kikundi kimoja, kimoja tu, kiagize besi moja kwa seremala wa hapa. Wasidai nakshi za kiti cha enzi. Wadai shingo iliyonyooka na ubao uliopakwa kila upande. Kwa kuwa mpigaji aliyezoea freti atapotea mwanzoni, fundi na achopeke vijistari vya mti mweupe kwenye mpingo pale freti zilipokuwa zikikaa, vilale sawa na uso wa ubao, ili jicho lione na kidole kisikwaruzwe. Na nyuzi ziwe zile zilizozungushiwa utepe bapa, si waya wa mviringo, maana mpingo nao, kwa ugumu wake wote, hulika.