Daftari la umma liwe wazi, sitara ya mtu ibaki

Kwa miaka mingi mkazi wa Likoni aliyetaka kujua kiwanja fulani kimeandikishwa kwa jina la nani hakuwa na budi kuvuka feri, kwenda kisiwani, kupanga foleni na kulipa ada, ndipo afunuliwe daftari. Mwenzake wa Kisauni alipita daraja la Nyali, na wa Changamwe akapita Makupa, kwa shughuli iyo hiyo. Hivi sasa serikali inayahamishia madaftari hayo kwenye mtandao, hatua kwa hatua. Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, ulianzia Nairobi, na huduma nyingi nyingine za serikali hupatikana kupitia eCitizen. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, inazua swali ambalo walimu na wanafunzi hawana budi kulitafakari: je, kila kilicho cha umma yafaa kiwekwe mbele ya macho ya kila mtu, saa zote, popote alipo?

Katiba ya mwaka 2010 inalikabili swali hili katika vifungu viwili. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 31 kinamhakikishia kila mtu faragha, ikiwemo haki ya habari za jamaa yake na mambo yake binafsi kutodaiwa wala kufichuliwa pasipo ulazima. Hakuna kati ya viwili hivyo kilichowekwa juu ya chenzake. Uzito wote umo katika neno hilo moja, ulazima. Katiba haisemi kwamba habari za mtu zisitajwe abadani. Yasema zisitajwe bila ya haja. Kwa hivyo anayetaka kufunua hana budi kuonyesha haja, na anayetaka kufunika hana budi kuonyesha madhara. Bunge lilifuata mkondo huo lilipopitisha Sheria ya Kupata Habari mwaka 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019.

Lugha yetu yaweza kutusaidia hapa. Aghalabu tunachanganya siri na faragha, kana kwamba ni neno moja. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni nafasi: asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya utupu na wasaa, yaani mahali ambapo mtu hana wa kumwingilia. Liko na neno la tatu, sitara, ambalo Waswahili hulitumia kwa nguo, kwa ukuta na kwa heshima ya mtu. Anayefunga mlango anapooga hana siri yoyote. Sote twajua anachokifanya. Anachotaka ni sitara. Kwa sababu hiyo, ile hoja isemayo kwamba asiye na hatia hana la kuogopa imejengwa juu ya kosa la maana ya maneno. Mtu anaweza kuwa hana siri hata moja, na bado akastahili faragha.

Tuanze na ardhi, kwa kuwa hapa bara ya Mombasa ndiko chanzo cha machungu mengi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wawasilishe madai yao ya ardhi ili yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa na mtu ilihesabiwa kuwa mali ya Dola ya Uingereza. Wengi hawakupata habari kwa wakati, au hawakuielewa lugha iliyotumika, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota katika vijiji walikozikwa babu zao. Mzozo wa shamba la Waitiki, Likoni, lenye ukubwa wa takribani ekari 930, haukupata ufumbuzi hadi serikali iliponunua ardhi hiyo na Rais kugawa hatimiliki Januari 2016. Historia hii inatufundisha kwamba daftari lisilosomeka na wengi huwa silaha ya wachache. Mahali ambapo mnunuzi hawezi kujua kwa urahisi mwenye kiwanja ni nani, tapeli hukiuza kiwanja kimoja kwa watu watatu.

Ndiyo maana kifungu cha 10 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka msajili aifanye rejista ipatikane na umma, kwa njia ya kielektroniki au nyingineyo. Mimi naliunga mkono agizo hilo bila kusita. Mnyonge wa Kisauni ananufaika na uwazi wa rejista kuliko bwenyenye, kwa kuwa bwenyenye ana wakili na marafiki ofisini.

Lakini rejista si jina na namba ya kiwanja pekee. Nyuma ya hatimiliki mna nakala za vitambulisho, namba za simu, picha, saini, na pengine hati za mirathi zinazotaja wake, watoto na ugomvi wa jamaa. Mjane aliyerithi chumba na ua ana wajibu wa kuthibitisha kwamba ni vyake. Hana wajibu wa kuwajulisha walimwengu namba ya kitambulisho chake na majina ya wanawe. La kwanza ni ulazima, la pili ni udaku uliovishwa joho la uwazi.

Madhara ya namba hizo kuzagaa si ya kubuni. Mnamo Juni 2021, Wakenya walipopewa nafasi ya kutazama kupitia eCitizen kama wamesajiliwa katika vyama vya kisiasa, wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakupata kujiunga navyo. Kisa hiki kina mafunzo mawili yanayokwenda sambamba. Uwazi ndio uliofichua udanganyifu: kama sajili ingebaki kabatini, hakuna ambaye angejua. Wakati huo huo, udanganyifu wenyewe uliwezekana kwa sababu majina na namba za vitambulisho vya watu zilikuwa mikononi mwa wasiostahili kuwa nazo. Zingatia pia jinsi tovuti ile ilivyofanya kazi: kila mtu alijitazama mwenyewe. Hakuhitaji kuona chama cha jirani yake ili haki itendeke.

Shuleni nako mambo ni yayo hayo. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2024, yaliyotangazwa Januari 2025, yalisomwa katika tovuti ambamo mtu aliandika namba ya mtahiniwa pamoja na jina. Kila mwalimu anajua kwamba namba hiyo ina tarakimu 11. Nane za mwanzo ni za shule, na tatu za mwisho hufuatana kwa watahiniwa. Anayeijua namba ya mmoja na majina ya wengine amekwisha kulipata darasa zima. Kufuli ambalo ufunguo wake anao kila mwanafunzi mwenza si kufuli. Msichana wa Changamwe aliyepata alama duni ana haki ya kuwaeleza watu kwa wakati wake, au asiwaeleze kabisa. Na shule zisidhani sheria imelala: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Shule ya Roma, iliyoko Uthiru, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Patakuwa na msomaji atakayenikumbusha kwamba neno faragha hupendwa sana na wezi wa mali ya umma. Kweli, limewahi kutumiwa kukataa kutaja wenye makampuni yaliyopewa zabuni na wenye mashamba ya wasioonekana. Jibu langu ni kwamba uwazi ufuate mamlaka. Kadiri mtu anavyoshika madaraka, fedha za umma au ardhi kubwa, ndivyo daftari lake linavyopasa kufunuliwa. Kadiri habari inavyokaribia mwili, nyumba, maradhi na mtoto, ndivyo inavyopasa kufunikwa. Sheria ya 2016 yenyewe inakataza kuingilia faragha ya mtu isivyo halali, kisha ikaruhusu habari itolewe pale manufaa ya umma yanapozidi madhara.

Katika utekelezaji, ni lazima tukumbuke kwamba ile safari ya feri, pamoja na taabu zake, ilikuwa kinga. Aliyekwenda kulifungua daftari alionekana, akaandikwa jina, akatoa nauli. Asiye na haja hakujisumbua. Mtandao umeiondoa taabu na kinga kwa pamoja. Kinga inaweza kurejeshwa pasipo kuirejesha taabu. Norway, ambako orodha za kodi za raia hutazamwa mtandaoni, iliweka kanuni mwaka 2014 kwamba anayetazamwa ajulishwe ni nani aliyemtazama. Utazamaji ulipungua sana, ingawa mlango haukufungwa. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo: jina la mwenye ardhi, ukubwa wake na rehani iliyo juu yake viwe wazi, namba ya kitambulisho, simu na hati za jamaa zifungwe, na kila anayetafuta aache jina lake, mwenye mali alione.

Yapo pia yasiyomngoja waziri. Mwalimu anayebandika orodha ya karo isiyolipwa ukutani, au kuituma kwenye kundi la wazazi katika simu, ajiulize ulazima uko wapi. Mwanafunzi naye afundishwe kudai: aombe kwa maandishi taarifa za hazina ya basari ya eneo lake, akijua kwamba ofisi ya umma ina siku 21 za kumjibu. Taifa litakalojua kuuliza matumizi ya fedha zake, na likajua kunyamaza kuhusu maradhi ya jirani, litakuwa limeelewa vifungu vyote viwili vya Katiba yake.