Matokeo ya Maabara Yasemwe kwa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mtambo wa kupasha maji kwa nishati ya jua, methali hii haitoshi. Uzuri wake umefichika: mnunuzi hawezi kuona kwa macho kiasi cha joto kitakachopotea tangini usiku. Ni upimaji wa maabara ufichuao siri hiyo. Hata hivyo, ripoti isiyomfikia mnunuzi kwa lugha aielewayo ni kazi iliyoachwa nusu, na nusu iliyosalia ni yetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Tuanze na joto na halijoto, maneno ambayo wengi wetu huyachanganya. Kikombe cha chai iliyotokota kina halijoto ya juu, lakini tangi la maji vuguvugu lina joto jingi zaidi. Kupandisha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi huhitaji takriban kilowati-saa 4.7, yaani karibu uniti tano za umeme. Halijoto husomwa kwenye kipimajoto. Joto ndilo tulipialo.

Neno la pili ni ufanisi. Katika mazungumzo ya kila siku, ufanisi ni kufaulu. Maabarani, ni uwiano wa nishati inayopatikana kwa ile iliyopokelewa, nao haukai mahali pamoja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9806 hutaka paneli ipimwe kwa tofauti mbalimbali za halijoto kati ya maji na hewa, kwani tofauti hiyo ikipanuka, joto hupotea zaidi. Hata jua likiwa sawa, paneli moja haitafanya kazi Limuru kama ifanyavyo Mombasa. Muuzaji anayetaja tarakimu moja tu hajamweleza mnunuzi lolote la maana.

Isitoshe, kifaa hakifanyi kazi peke yake. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, kilijenga nyumba nzima ndani ya maabara, ambamo baridi hudhibitiwa, ili mfumo wa kupasha joto upimwe pamoja na kuta na madirisha yake.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. La hasha! Halijoto na kihami ni maneno tuliyo nayo. Kinachokosekana ni kuyatumia. Mwaka wa 2012 kanuni za serikali ziliagiza majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekewe mitambo ya jua. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi bidhaa kikamilifu. Kifungu cha 7 hukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki hizo zinakutana wapi, ikiwa si katika lugha ya ripoti?

Napendekeza kila chama cha Kiswahili chuoni kishirikiane na wanafunzi wa uhandisi kufasiri ripoti moja ya upimaji, kisha wampe mwenye nyumba aisome. Akishindwa kutambua ni tangi lipi litakalohifadhi joto hadi alfajiri, istilahi zetu zimeanguka mtihani, nasi hatuna budi kuzifua upya.