Kuruta Aogopaye Maji

Miongoni mwa vijana wa Tanzania wanaomaliza kidato cha sita na kuitwa na sheria kwenda katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, wamo daima baadhi, na pengine si wachache kama tudhanivyo, wawezao kuvumilia mchakamchaka wa alfajiri, kwata ya jua la utosi, usingizi wa saa chache katika hanga na sauti ya afande isiyozoea upole, lakini ambao ukiwasimamisha mbele ya mto au bwawa na kuwaamuru waingie, magoti huwalegea, pumzi huwakatika, na nyuso zao huonyesha fadhaa isiyoweza kuondolewa na amri yoyote. Juu ya vijana hawa nina neno moja la kusema, nalo ni kwamba hofu yao si uasi wala si udhaifu wa kustahili adhabu, bali ni pengo katika malezi yao, ambalo taifa, madhali limewaita kwa nguvu ya sheria wala halikungoja hiari yao, lina wajibu wa kuliziba kwa subira na kwa utaratibu.

Nasema wajibu, kwa sababu taklifu ina pande mbili. Jeshi la Kujenga Taifa liliasisiwa mwaka 1963, na ilipofika 1966 serikali ikaazimia kuwalazimisha wasomi nao kulitumikia, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400 kati yao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, maana aliona kwamba kiongozi hawezi kuwadai vijana kujitolea ilhali yeye mwenyewe hatoi kitu. Mafunzo hayo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994 yakarejeshwa 2013, na mimi ni mmoja wa waliofurahi yaliporejea, kwani sijaona mahali pengine ambapo mtoto wa Masaki ya matajiri na mtoto wa Namanyere ya mbali hulala katika chumba kimoja na kula katika sufuria moja. Lakini mwenye kumlazimisha mwenzake jambo hujitwika dhamana ya mwili na roho yake kwa muda wote wa lazima hiyo, na dhamana hiyo huzidi uzito pale jambo lenyewe linapokuwa maji, ambayo humaliza uhai wa mtu kwa dakika chache tu.

Tuulize kwanza hofu hii hutoka wapi. Yuko kijana aliyezaliwa na kulelewa katika nyika za Singida au Dodoma, ambaye maji kwake yamekuwa ni ndoo ya kichwani na korongo la masika linalochukua mbuzi na watu, na hajapata kusimama katika maji yaliyompita magoti. Huyu hofu yake ni ya mgeni. Yuko na mwingine, wa Ukerewe, wa Ukara, wa Mwanza, wa Unguja au Pemba, ambaye ameishi na maji tangu utotoni, na kwa ajili hiyo hiyo ndiyo anayaogopa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikazama MV Spice Islander ikielekea Pemba. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya MV Skagit. Na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, hata watu waliokuwa nchi kavu wakaiona kwa macho, na zaidi ya watu 220 wakapotea. Nyumba ngapi katika nchi hii zina matanga ya maji? Mtoto aliyemsikia mama yake akilia usiku kwa sababu ya chombo kilichozama huchukua kilio hicho hadi kambini, na afande asiyejua habari hizo humwona ni mzembe tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna mwenye insafu atakayemlaumu.

Wala tusidhani kwamba kuishi pwani ni kujua kuogelea. Wako manahodha na wavuvi waliozeeka baharini bila kujifunza, na wako wanawake wengi mno wa visiwani ambao wameifahamu bahari kwa kukusanya mwani na kuchokoa pweza maji yakitoka, wala hawajapata kuinua miguu yote miwili kutoka mchangani.

Na ajabu ya hofu hii ni kwamba ndiyo inayomzamisha mtu. Mwili wa binadamu aliyejaza pumzi mapafuni, akalala chali na kutulia, aghalabu huelea, na katika maji ya chumvi huelea kwa wepesi zaidi. Lakini mwenye hofu hafanyi hivyo. Yeye hujaribu kusimama wima pasipo na pa kukanyaga, huinua kichwa na mikono juu ya maji, na kila kiungo kilichotoka nje ya maji huwa ni mzigo unaomsukuma chini. Kisha pumzi zake huwa fupi fupi, hata anapoihitaji hewa, koo limekwisha kujaa maji. Wazee walisema mfa maji haachi kutapatapa, na waliosema hivyo walikuwa watu wa pwani walioyaona kwa macho yao. Basi afande anayesimama ukingoni akimkemea kuruta wa namna hii huzidisha hiyo hiyo taharuki inayomvuta chini.

Jambo hili limekwisha kulipiwa kwa roho za watu kwingineko. Usiku wa Jumapili, tarehe 8 Aprili 1956, katika kambi ya Parris Island huko South Carolina, Marekani, ambako makuruta wa kikosi cha Marine hupewa mafunzo, sajenti mmoja aliyeona platuni yake haina nidhamu aliiongoza gizani mpaka katika kijito kiitwacho Ribbon Creek, ambacho ni mkono wa bahari wenye matope mazito na mkondo unaofuata maji kujaa na kupwa. Yeye mwenyewe alitangulia, na vijana wakamfuata kwa kuwa walikuwa wamefundishwa kufuata. Miongoni mwao walikuwamo wasiojua kuogelea. Matope yakawashika miguu, kina kikabadilika ghafla, mmoja akapiga kelele, wengine wakamshika aliye karibu, na kabla ya safu kurudi ufukoni walikuwa wamekufa sita. Sajenti yule alishitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akavuliwa cheo, na kikosi kile kikalazimika kubadili namna kinavyowasimamia wakufunzi wake. Nalileta tukio hili kwa sababu linaonyesha wazi kwamba nidhamu haikukosekana usiku ule; vijana wale walitii hadi mwisho. Kilichokosekana ni mtu aliyeuliza kabla, ni nani hapa asiyejua kuogelea.

Wako watakaonijibu kwamba vita havina subira, na kwamba askari aliyebembelezwa mtoni hatavuka mto siku ya adui. Naiheshimu hoja hii kwa kuwa wenye kuisema wengi ni watu walioitumikia nchi. Hata hivyo siikubali. Amri humwingiza mtu majini, lakini haimwelezi mtu nini cha kufanya akiwa humo. Elimu ndiyo ifanyayo hivyo, na elimu ya kushinda hofu inajulikana, tena imetokana kwa sehemu na jeshi lenyewe. Daktari Joseph Wolpe wa Afrika ya Kusini, aliyelitumikia jeshi la nchi yake katika Vita Vikuu vya Pili na kukabidhiwa askari waliovunjwa na hofu ya vita, hakuridhika na tiba za wakati ule, akatafuta njia nyingine, na katika kitabu alichokichapa mwaka 1958 akaeleza namna ya kumtuliza mgonjwa kwanza, kisha kumkaribisha kwenye jambo analoliogopa daraja kwa daraja, asipandishwe daraja la pili kabla ya kulizoea la kwanza.

Njia hiyo niliiona ikitumika Kigamboni, mikononi mwa mzee ambaye sidhani kama alipata kulisikia jina la daktari huyo. Alikuwa nahodha wa jahazi katika ujana wake, na siku ile alikuwa akimfundisha mjukuu wake, kijana mrefu mwenye kifua kipana, aliyetetemeka kama mwenye homa ilhali maji yalimfika kiunoni tu. Mzee hakumvuta. Aliteka maji kwa viganja akamwambia, "Nawa uso, kama unayetia udhu." Kijana akanawa, mara nyingi, mpaka akaacha kufumba macho kwa nguvu. Kisha akaambiwa aingize mdomo majini apulize, na mapovu yakatoka. Kisha uso mzima. Na yote hayo yalichukua muda mrefu hata jua likageuka. Mwisho yule mzee akamlaza chali, kiganja kimoja chini ya kisogo na kingine chini ya mgongo, akawa anamwambia kwa sauti ya chini, "Usiyapige, babu, yatakubeba. Vuta pumzi uishike." Nikaona kile kiganja cha mgongoni kikitoka taratibu, kisha kile cha kisogoni kikabaki vidole viwili, na kijana hakujua.

Ndivyo ninavyotaka afande naye afundishwe kufanya. Lipo na suala la wasichana, ambao sheria huwaita sawasawa na wavulana, na ambao wengi wao wamezuiwa na haya pamoja na mavazi kuliko walivyozuiwa na woga. Lakini huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekwisha kuonyesha kwamba wasichana wa Kiislamu hujifunza kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yenye kuwasitiri, na wakifunzwa na wanawake wenzao. Sioni sababu ya jambo hilo kushindikana katika kambi yenye maafande wa kike.

Tena faida haitabaki kambini. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, watu 19 walikufa na 24 wakaokoka, na waliofika mwanzo kuwaokoa walikuwa ni wavuvi kwa mitumbwi yao, watu ambao maji hayakuwatisha. Maelfu ya vijana hupita katika makambi yetu kila mwaka na kutawanyika katika mikoa yote. Hebu fikirini kila mmoja wao angalikuwa anajua kuelea, na kumtupia mwenzake dumu tupu au kamba badala ya kujitosa akafa naye.

Kwa hiyo naomba kuogelea kuhesabiwe miongoni mwa masomo ya lazima ya kila kombania, kuanzia makambi yaliyo karibu na pwani na maziwa, ambako hakuna haja ya kujenga birika. Kuruta aulizwe siku ya kwanza, faraghani na si mbele ya paredi, kama anajua kuogelea na kama maji yamepata kumchukulia mtu wa nyumbani kwake, na jibu lake lihifadhiwe pamoja na habari za afya yake. Wasiojua wawe na kundi lao, maji ya kifuani wala si zaidi, na mwokozi aliyekwisha kuvua viatu akisimama karibu muda wote; na kumsukuma mtu majini, hata kwa mzaha, kuwe ni kosa la mkufunzi. Na yule atakayemaliza miezi yake mitatu bila kuweza kuelea asiandikiwe neno la aibu popote, bali iandikwe hatua aliyofikia, ili mwalimu mwingine, mahali pengine, ajue pa kuanzia.