Kofia ya gurudumu inafungwa kwa waya, nati za ndani hakuna anayezikaza

Katika parkingi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, konvayeri wa basi ndogo huanza kazi mapema. Anapangusa vioo, anaosha bodi, kisha anainama kwenye magurudumu. Anapigapiga zile kofia za plastiki zinazofunika janti, ambazo mafundi wanaziita anjoliveri. Ile inayochezacheza anaifunga kwa waya, ili isitupwe na mashimo njiani wala isinyofolewe na wezi usiku. Akimaliza, gari linang'aa. Abiria wanajaa, mizigo inapandishwa juu, safari inaanza. Nati zilizo chini ya kofia hiyo, zile zinazoshika gurudumu lenyewe, hazikuguswa na mtu.

Hiyo ni desturi mbaya na inapaswa kukomeshwa. Kofia ya gurudumu ni pambo. Ikianguka, mwenye gari anapoteza pesa kidogo na abiria hapotezi kitu. Nati zikilegea, gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa mbioni. Hapo anayelipa ni mama aliyeketi nyuma na watoto wake, pamoja na mtu anayetembea kwa miguu kando ya barabara. Hata hivyo, pambo ndilo linalopewa waya, na nati zinaachiwa Mungu.

Watu wanaowekwa katika hatari hiyo wanajulikana. Tangu vita viliporudi Kivu Kaskazini mwishoni mwa 2021, familia nyingi zimehama zaidi ya mara moja. Zimetoka Rutshuru hadi Kanyaruchinya, zimetoka Masisi hadi Sake na Bulengo. Mwanzoni mwa 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa, zikapanda tena magari kurudi vijijini au kutafuta pengine pa kujihifadhi. Familia ya namna hiyo haichagui gari. Inapanda lile lililopo, lenye nafasi, kwa bei inayowezekana. Juu ya Fuso yanapangwa magodoro, sufuria, bido za maji, bashi na magunia, na juu ya vyote hivyo wanakaa watu.

Huko Ulaya kuna watu wanaokwenda likizo na gari lililotengenezwa kuwa nyumba, lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Wao pia wanasumbuliwa na kofia za magurudumu zinazodondoka, na wengi wanazifunga kwa vikamba vya plastiki. Lakini gari lao linapita kwenye lami, na sheria za nchi nyingi kule zinalilazimisha kupelekwa kwenye ukaguzi kila baada ya muda. Fuso iliyobeba wahami wa vita ni nyumba juu ya magurudumu pia, tena nyumba nne au tano kwa pamoja, na inapita kwenye mawe ya volkano na kwenye matope. Kama kuna gari ambalo nati zake zinastahili kuonekana wazi, ni hilo.

Kwanza inafaa kueleweka nati inafanya kazi gani. Wengi wanafikiri gurudumu linaning'inia kwenye mabuloni kama koti kwenye msumari. Sivyo. Nati ikikazwa vizuri, buloni linavutika kidogo sana, kama mpira, na linaibana janti kwenye kitovu cha gurudumu. Kule kubanwa ndiko kunakobeba mzigo. Kubanwa kukipungua, janti inaanza kuteleza kidogo kila gurudumu linapozunguka. Tundu la buloni linapanuka na kuwa na umbo la yai. Buloni linapindwa huku na huku mpaka linachoka na kukatika. Moja likikatika, mzigo wake unahamia kwa mengine, na hayo nayo yanafuata haraka.

Hatari ni kubwa zaidi baada ya gurudumu kufunguliwa, kwa mfano kuziba pine au kutengeneza breki. Kutu, rangi au udongo ulioachwa kati ya janti na kitovu unasagika katika kilomita za kwanza, na nati iliyokuwa imekaza inabaki na nafasi. Ndiyo maana inashauriwa nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kutoka Goma hadi Rutshuru ni karibu kilomita 70. Maana yake, gari lililozibwa pine asubuhi Goma linapaswa kusimama Rutshuru na kukazwa tena, kabla ya kwenda Rwindi na kupanda miinuko ya Kabasha kuelekea Kanyabayonga. Dereva aliyefunga kofia zake kwa waya ataanzia wapi, wakati kila waya unahitaji pensi ili ukatwe? Hataanza. Ataendelea na safari.

Wenye magari wana majibu yao, na yanafaa kusikilizwa moja baada ya lingine.

Jibu la kwanza ni kwamba kofia inavuta abiria, kwa sababu gari linaonekana jipya. Ni kweli linaonekana jipya. Lakini kofia hiyo hiyo inaweza kuficha janti iliyopasuka, nati iliyopotea au buloni lililokatika. Abiria anayevutwa na kofia anavutwa na kitu kinachomzuia kuona kile anachopaswa kukiona.

Jibu la pili ni kwamba kofia inazikinga nati na tope na kutu. Hilo lina ukweli kidogo, lakini tope la juu linaoshwa kwa maji ya ndoo moja, na kutu inayochuruzika kwenye nati ni alama ya onyo kwa fundi. Kuifunika ni kufunika onyo lenyewe. Kwenye kamio kubwa, ambako kofia za plastiki ni nadra, tope linafanya kazi ile ile ya kuficha. Fuso inayoondoka na tope la juzi kwenye magurudumu ni sawa na basi lenye kofia iliyofungwa.

Jibu la tatu ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi: barabara ni mbaya, serikali haitengenezi, dereva afanye nini? Hakuna anayepinga kwamba barabara ni mbaya. Madereva wanalipa pesa kwenye vizuizi, na mashimo yanabaki pale pale. Kulalamika ni haki yao. Lakini barabara mbaya ndiyo sababu ya kukagua nati mara nyingi zaidi, haiwezi kuwa ruhusa ya kuacha kuzikagua. Dereva hawezi kujaza shimo la Sake peke yake. Kle ya gurudumu iko chini ya kiti chake mwenyewe.

Jibu la nne ni umaskini: vifaa ni ghali. Kile kinachoombwa hapa hakihitaji kifaa cha ghali. Kinahitaji kle, brashi ndogo na mkebe wa rangi nyeupe au ya njano. Nati zikishakazwa, fundi anachora mstari mmoja mwembamba unaoanzia juu ya nati na kushuka hadi kwenye janti. Nati ikigeuka hata kidogo, mstari unakatika, na mtoto wa shule anaweza kuona. Kwenye kamio nyingi za Ulaya wanaweka vidude vya plastiki vya njano vyenye ncha kwa kazi hiyo hiyo. Rangi ya mkebe inatosha.

Kukaza nako kuna utaratibu wake. Nati hazikazwi kwa kuzunguka moja baada ya jirani yake. Zinakazwa kwa kuvuka: moja ya juu, kisha ya upande wa pili, mpaka zote zikae sawasawa. Hakuna kinachopaswa kubaki kati ya janti na kitovu, wala mchanga, wala rangi mbichi. Kwa magari mengi madogo, nguvu inayotakiwa ni karibu ile ya kukandamiza kilo 40 mwishoni mwa kle yenye urefu wa robo mita. Kamio inahitaji nguvu kubwa zaidi, na kipimo chake kimeandikwa katika kitabu cha gari. Kuchomeka bomba refu kwenye kle na kurukia juu yake si ufundi. Buloni lililovutwa kupita kiasi linakuwa dhaifu, na ndilo litakalokatika kesho.

Kuna pia mtego ambao fundi wa kamio lazima aujue. Katika Fuso na kamio nyingine nyingi za zamani kutoka Japani, nati za upande wa kushoto zina meno yanayogeuka kinyume. Mara nyingi mwisho wa buloni umeandikwa herufi L kwa kushoto na R kwa kulia. Konvayeri asiyejua hilo anaweza kufikiri anakaza, kumbe anafungua. Tena, kwenye magurudumu mawili ya nyuma ya kamio hizo, mara nyingi gurudumu la ndani lina nati yake, na la nje lina nati nyingine juu yake. Haiwezekani kukaza ya ndani bila kulegeza kwanza ya nje. Anayekaza za nje peke yake ameacha nusu ya kazi.

Abiria naye si kipofu. Kabla ya kupanda, anaweza kuzunguka gari mara moja. Mchirizi wa kutu unaotoka kwenye nati, chuma kinachong'aa kwa kusuguliwa pembeni ya nati, au tundu lisilo na nati, vyote ni alama za hatari. Njiani, mlio wa kugonga unaoongezeka gari linapokata kona, au mtikisiko mpya ambao haukuwepo mwanzoni, ni sababu ya kumwambia dereva asimame. Mama mwenye watoto wanne ana haki ya kuuliza swali hilo bila kujibiwa kwamba anachelewesha wengine.

Wapo wanaosema kwamba wahami wa vita hawana nguvu ya kumpa dereva sharti. Ndiyo maana wenye nguvu wanapaswa kusema kwa niaba yao. Mashirika yanayokodi kamio kwa kupeleka unga, bashi na watu yanaweza kuandika sharti moja katika mkataba: nati zote zionekane, ziwe na mstari wa rangi, na zikaguliwe kabla ya kuondoka. Chama cha madereva, ACCO, kinaweza kuweka sharti hilo hilo katika kila parkingi, na kuchagua kijana mmoja mwenye kle na mkebe wa rangi. Polisi wa barabarani nao wana Kanuni ya barabara, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Wanajua kuomba makaratasi dirishani. Wainame pia kwenye magurudumu. Karatasi ya kontroli tekniki haikazi nati, na gari linaweza kuwa na makaratasi yote huku gurudumu la nyuma likiwa na mabuloni matatu.

Mwenye gari anayependa kofia zake sana anaweza kubaki nazo kwa masharti. Atumie kofia ya kipimo sawa na janti, maana 14 haikai kwenye 15 hata ifungwe kwa waya wa aina gani. Asafishe vishikizo vyake, ahakikishe tundu la vali ya hewa limekaa mahali pake ili kofia isiibane vali, na aisukume kwa kiganja pande zote, asiigonge kwa nyundo. Bora zaidi ni ile iliyotobolewa katikati, inayoacha nati wazi. Kama ni lazima kuifunga, afunge kwa kitu kinachokatwa haraka, na akikate kila siku ya safari ndefu. Asiyekuwa na muda wa kukata na kufunga tena, aiondoe kofia na kuiacha nyumbani.

Mfano mzuri hauko mbali. Goma imemjengea mtu wa chukudu sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, na anaistahili. Chukudu ni mbao tu, na gurudumu lake limevishwa mpira wa pine kuukuu. Halina kofia wala pambo, na kila kinacholishika kinaonekana. Kijana anayeshuka mlima na magunia ya viazi anajua kwamba gurudumu likichomoka, wa kwanza kuumia ni yeye. Kwa hiyo anainama, anatazama, anagonga, anakaza.

Dereva wa basi naye yumo ndani ya gari lake, na nyuma yake wamo watu 18 waliomlipa. Kabla ya injini kuwashwa kesho asubuhi, kofia ziondolewe, tope lioshwe, nati zihesabiwe mbele ya abiria. Kazi hiyo haimalizi robo saa. Na abiria akiona gari ambalo dereva wake anakataa kufungua kofia, asilipe nauli mpaka azione nati zenyewe.