Picha ya mzee isitafutwe siku ya msiba

Simu ikilia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, najua kuna msiba, na najua nitakachoombwa. "Mama Picha, shikamoo, umeamka? Nakurushia picha ya mzee. Tunaomba A4 mbili na fremu, mwili unatoka mochwari saa nne." Picha inaingia WhatsApp. Ni ya harusi. Watu wamejaa mbele ya keki, na mzee mwenyewe yuko nyuma kabisa, shavu moja limefunikwa na kilemba cha shangazi, macho kayafumba. "Huyo wa nyuma kushoto, mama. Wewe mkate tu."

Nina steshenari hapa Kikwe, chini ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, mahali ambapo Mlima Meru unauona wote mawingu yakikaa pembeni, na vumbi la kiangazi linakufuata mpaka ndani ya droo. Natoa fotokopi, nachapa barua za kitongoji, nalamineti vyeti, napiga paspoti. Kamera yangu ni Canon PowerShot A590, toleo la mwaka 2008, megapikseli 8, inaenea kwenye mfuko wa gauni. Inatumia betri mbili ndogo kama za redio. Ukiiwekea zile za bei rahisi za dukani, zinakufa kabla hujamaliza familia moja, kwa hiyo nina za kuchaji seti tatu, na moja daima iko kwenye umeme.

Turudi kwa mzee wa kwenye keki. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana ili isile bando. Katika picha ya watu wote wale, uso wa mzee unabaki na vinukta kama mia na kitu kwa upana. Karatasi ya A4 ikichapwa vizuri inataka vinukta 2,480 kwa 3,508. Nikiukuza ule uso ujae karatasi, unatoka miraba mitupu. Napunguza ukali, naongeza mwanga, naondoa kilemba cha shangazi, naweka mandhari ya bluu. Kinachotoka ni mtu anayefanana na marehemu kwa mbali, na mjukuu anaibeba fremu hiyo mbele ya jeneza huku watu wanaulizana kwa kunong'ona kama ni yeye kweli.

Wasiokuwa na picha ya harusi wanakuja na kitambulisho cha NIDA au kadi ya mpiga kura. Nayo naiskani. Lakini picha ile ilipigwa ili mtu atambuliwe, haikupigwa ili atazamwe, na haiwezi kumbebea mtu maisha yake. Mwanamke amelima, amesomesha, amelea na yatima wa dada yake, halafu anasindikizwa kaburini na uso wa ukubwa wa kucha uliokuzwa.

Ninachosema ni hiki. Katika vijiji vyetu tunapiga picha nyingi kuliko wakati wowote, na tuna picha chache za maana za wazee wetu kuliko walizokuwa nazo wazazi wetu za wazazi wao. Ingia sebule yoyote ya zamani hapa Kikwe, Maweni au Nambala. Ukutani kuna fremu kubwa ya kioo, picha zimebananishwa humo: babu na suti ya kuazima, bibi amekaa kwenye stuli ameshika mtoto, kipaimara cha mwaka 1983, baba mdogo akiwa jeshini. Kisha tafuta picha ya kuanzia kama mwaka 2012 hivi. Hakuna. Familia haikuacha kupiga picha. Iliacha kuzitoa kwenye simu.

Enzi za mkanda wa picha 36, mpiga picha alikuja na baiskeli baada ya ibada ya Krismasi. Kila mbonyezo ulikuwa na gharama, kwa hiyo watu walivaa, walisimama, walinyamaza. Baada ya wiki mbili alirudi na bahasha, na usipolipa aliondoka na picha yako. Mjini Unguja iko Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha zilizopigwa na studio ile miongo mingi iliyopita bado zinatazamwa leo. Karatasi haiombi neno la siri.

Kamera kama yangu zilipokuja zilikuwa katikati ya dunia hizo mbili. Mhandisi Steven Sasson wa Kodak alitengeneza kamera ya kidijitali ya kwanza mwaka 1975. Ilikuwa na vinukta 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani, nyingi zikiwa hizi ndogo. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu ilizila. Sasa nasikia vijana wa Ulaya na Marekani wanazisaka tena kwa sababu ya ile rangi yake ya zamani. Wacha wasake. Sina haja na rangi ya zamani.

Nisieleweke vibaya: simu ya laki nane inapiga vizuri kuliko Canon yangu, hasa gizani, na sitabishana na mtu juu ya hilo. Ila simu iliyo mfukoni mwa watu wengi hapa si ya laki nane. Kioo cha lenzi kimechubuka kwa funguo na sarafu, na mpigaji anasogea mpaka hatua moja kutoka usoni kwa bibi ili aonekane mkubwa. Ukisogea hivyo pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Mimi nakaa mbali, kama hatua nne, navuta kwa zumu ya lenzi yenyewe, na uso unakaa kama Mungu alivyouweka.

Na nina mahali pangu. Ndani ya mlango, hatua moja kutoka kwenye jua, stuli imeelekezwa nje. Mwanga unaingia laini, flashi nimeizima. Nyuma siachi ukuta mweupe, kwa sababu kamera ikiona weupe mwingi inadhani kumezidi mwanga, inauzima uso wa mtu mweusi mpaka macho hayaonekani. Natundika kitambaa cha rangi ya udongo, naongeza mwanga kidogo kwenye menyu, halafu namuuliza mzee habari za mifereji. Nani kafunga maji zamu ya nani. Hapo mzee yeyote wa Kikwe anakunja uso, anafungua mdomo, ananyoosha kidole, na nikibonyeza wakati anapomaliza kulalamika na kuanza kujicheka, nimempata. Kwa kuambiwa "cheka, babu" sijawahi kumpata mtu.

Kinachonifanya nishikilie kamera zaidi ni kinachofuata baada ya kubonyeza. Kadi inatoka, inaingia kwenye kompyuta, picha inachapwa, mtu anaondoka nayo mkononi. Picha ya simu inabaki kwenye simu. Simu inatumbukia mferejini, au inauzwa Tengeru siku ya soko, au mtoto anataka nafasi ya gemu anafuta kila kitu. "Lakini ziko Google," wananiambia. Namuuliza akaunti ni ya nani. Ilifunguliwa na kijana wa duka la simu mwaka juzi, kwa namba ambayo mama haitumii tena. Hata flashi disiki siiamini sana. Zinazoletwa hapa, nyingi zina kirusi kinachogeuza kila folda kuwa shotikati.

Kuna jambo linalonisukuma kuliko biashara, ingawa nakiri mimi nauza picha na hamtakosa kusema najipigia debe. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima huu, ikachoma nyumba zao ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzetu Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa, New York, akaisema kesi yetu. Watoto waliobebwa mgongoni siku zile leo wako katika miaka ya sabini, na waliokuwa wakikimbia kwa miguu yao wamepita themanini. Bado wapo, katika boma hizi hizi. Wengine hawajawahi kukaa mbele ya kamera ila ile ya kitambulisho. Historia ile tumeiandika vitabuni, nyuso zake tunaziacha ziondoke moja moja.

Najua pingamizi, maana nimeshalipata uso kwa uso. "Mnaniandalia jeneza?" aliniuliza babu mmoja pale wanawe walipomleta, akakataa kukaa. Wanawe waliona aibu, wakataka kuondoka. Sikumlaumu babu. Ukimpeleka mzee peke yake, akiwa anaumwa, siku ya kazi, unataka afikirie nini? Kosa liko kwenye kusubiri augue. Akipigwa picha wakati kila mtu anapigwa, hakuna anayewaza jeneza. Babu yule alipigwa baadaye siku ya kipaimara cha mjukuu, na yeye ndiye aliyedai nakala ya pili apeleke kwa dada yake Poli.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji na viongozi wa jumuiya zetu, na masheikh pia kwa majirani zetu Waislamu, wateue siku moja kwa mwaka. Wiki ya Krismasi inafaa, watoto wamerudi kutoka Dar na Mwanza. Kamera moja, stuli moja, kitambaa kimoja, kila mzee wa kitongoji anakaa, kila mzee anapata chapa mbili: moja ya nyumbani, moja ya albamu ya jumuiya. Nyuma iandikwe jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa na jina la mama yake, kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya. Msitegemee tarehe inayochapwa na kamera. Ya kwangu betri yake ya kitufe ilipoisha ilirudi mwaka 2008 yenyewe, na sasa nina picha ya mtoto wa darasa la tatu iliyopigwa kabla wazazi wake hawajajuana.

Gharama si kubwa. A4 kwangu ni shilingi 4,000, na kwa kitongoji kizima nitashusha. Nguo, waje na zao. Koti la studio lipo, limening'inia nyuma ya mlango, lakini limeshavaliwa na nusu ya kata na kwenye picha linajulikana. Bibi akija na kanga yake na kilemba chake, mwacheni hivyo hivyo.

Na kwa mnaopanga kuja nyumbani mwezi wa kumi na mbili: wengi wenu mna kamera ndogo kama yangu imelala kabatini tangu mnunue simu. Ileteni, Kikwe kuna wazee wengi na mimi nina mikono miwili. Ila mje na chaja yake na kadi yake. Nimetafuta Arusha mjini, madukani wananiambia za aina hizo waliacha kuziagiza siku nyingi.