Hina ya Mlangoni, Siyo Piko

Siku tano kabla ya Idi, dada mmoja wa kikundi chetu alienda kuchorwa maua mkononi. Akaambiwa hii ni hina nyeusi, inashika haraka, nusu saa tu unanawa. Kweli ilishika. Siku ya nne mkono ukaanza kuwasha, ukavimba, malengelenge yakafuata mchoro ua kwa ua. Idi yenyewe aliimalizia kwenye foleni ya zahanati. Mpaka leo maua yapo, lakini sasa ni kovu.

Wenzetu, tuambiane ukweli. Hina ya majani haiwi nyeusi tititi kwa nusu saa. Ile piko inayouzwa kwa jina la hina mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa PPD. Haikutengenezwa kwa ngozi. Na ikishakudhuru mara moja, mwili unaweza kuikataa maisha yako yote, hata ikiwa ndani ya rangi ya kawaida ya saluni.

Sisi tunasema dawa ya jambo hili iko kwenye udongo wetu hapa Kakuma: tupande mhina wenyewe.

Kuna bibi mmoja Msomali kwenye bloku yetu, sote tunamwita ayeeyo, yaani nyanya. Nyuma ya nyumba yake kuna mhina, kwao wanauita cillaan. Tulipomwendea, alicheka. "Wajukuu zangu, mnapita hapa kila siku kwenda bombani na hamjauona?" Kweli, hatukuwa tukiujua.

Ndiyo hivyo basi, ujueni. Mhina ni kichaka kinachoweza kuwa mti mdogo, mita 2 hadi 6. Majani ni madogo, laini, hayana meno pembeni, na hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye tawi. Mti ukizeeka, ncha za vijitawi huwa kama miiba. Maua ni madogo, meupe-meupe, yana petali 4 zilizokunjamana, na harufu yake utaisikia kabla hujayaona. Tunda ni kidonge cha kahawia kilichojaa mbegu ndogo sana. Mkomamanga ni wa ukoo huohuo.

Bado una shaka? Twanga majani na maji ya ndimu kidogo, acha mpaka kesho, kisha weka tone kwenye kiganja kwa saa chache. Hina huacha rangi ya chungwa, halafu siku ya pili inageuka nyekundu ya udongo. Lakini watoto wachanga tusiwapake hata hiyo ya kweli. Wapo ambao damu yao inadhurika nayo.

Kupanda si kazi ngumu. Mbegu zinachelewa kuota, kwa hiyo ayeeyo anakata kipandikizi kinene kama penseli, urefu wa shubiri moja, anakichomeka kwenye kopo lenye udongo na mchanga, anakiweka kivulini. Maji ya kuoshea mboga yanatosha. Kikishashika mizizi, kihamishie mahali penye jua pasipotuama maji, ukizungushie matawi ya mathenge, maana mbuzi wa hapa hawachagui. Mwaka wa kwanza unamwagilia. Baadaye unavumilia ukame, na ukiukata unachipua tena mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo tuna neno kwa ndugu zetu wa mashirika. Mbegu mnazotuletea tunashukuru: sukuma wiki, mchicha, kunde. Lakini zote ni za kula msimu huu na kusahau. Mkigawa miche, wekeni na mhina. Akina mama wanaochora maharusi wananunua poda ya pakiti bila kujua ndani kuna nini. Mwenye mti wake anajua, na senti zinabaki nyumbani.

Wapo wanaosema hapa ni pa kupita, mbona kupanda mti wa miaka? Tumewasikia. Lakini kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992, na baadhi yetu tulizaliwa humu. Miaka yote hiyo tumesubiri kwanza kujua tutaenda wapi ndipo tupande, na kivuli tunaomba kwa jirani. Ayeeyo naye hajui ataondoka lini. Alipanda tu. Akiondoka, yule atakayepewa nyumba ile atachuma.

Dada yetu hachori tena. Lakini Jumamosi iliyopita ndiye aliyekata vipandikizi, 14, vikajaa makopo ya mafuta tuliyookota. Viwili vimekauka. Vingine vina majani.

Unayetaka chako, njoo na kopo. Litoboe chini kwanza.