Unene na Bei ya Tiba

Husemwa kuwa unene ni maradhi ya wenye nazo, na kwamba mwenye mwili mkubwa ameyataka mwenyewe. Neno hili ni jepesi kinywani mwa msemaji, lakini ni zito mabegani mwa anayetupiwa. Katika Njoro, kata ya Manispaa ya Moshi, mama auzaye chakula huamka kabla ya jua na kulala usiku, naye aweza kuwa mnene, mwenye kisukari na magoti mabovu. Hana gari wala mtumishi. Bibi yake aliyelima kihamba mlimani alikula ndizi akazimaliza kwa jembe. Mjukuu amerithi mlo, hakurithi mwinuko. Uvivu wake uko wapi?

Tena mwili huo ulisifiwa. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, kukonda kumekuwa tuhuma, na kunenepa kumekuwa cheti cha uzima. Mnene alipongezwa mpaka alipougua, alipougua, alilaumiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha kitu: jamii ndiyo iliyoyaita maradhi yake neema.

Sasa dawa ipo. Semaglutide huiga homoni ya utumbo inayoupa ubongo habari ya shibe, na hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, walioitumia kwa wiki 68, pamoja na mashauri ya mlo na mazoezi, walipungua wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito wao. Akiiacha mtu, uzito aghalabu hurudi. Kwa hiyo dawa hii haifai kununuliwa mara moja kama nguo ya sikukuu. Hutakiwa mwezi baada ya mwezi, na hapo ndipo bei huwa hukumu.

Bei hiyo ina asili gani? Watafiti walikadiria mwaka 2024 kuwa dawa ya mwezi mmoja ingeweza kutengenezwa na kuuzwa kwa faida kati ya dola 0.89 na dola 4.73, hali Marekani bei iliyotangazwa ilipita dola 900. Tofauti hiyo ni kodi ya hataza. Nako India, penye viwanda vingi vya dawa za jeneriki, hataza yake kuu ilikuwa na ukomo wa Machi 2026. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, imeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani isilazimike kulinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Mlango, basi, haukufungwa na sheria za dunia.

Yuko atakayejibu kuwa yapo maradhi makubwa zaidi. Jibu hilo lilitolewa pia juu ya dawa za UKIMWI, zilipogharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2001 kiwanda cha Cipla cha India kilitaka dola 350, na waliodhaniwa wafu wakaishi. Mwingine atasema kuwa dawa rahisi ni dawa bandia. Kinyume chake ndicho kweli: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya semaglutide ya kughushi, na mghushi hustawi palipo na kiu kubwa na kisima kilichofungwa.

Septemba 2025 shirika hilo hilo liliitia dawa hii katika orodha ya dawa muhimu kwa wenye kisukari, unene na maradhi ya moyo au figo. Basi hapana budi jeneriki zilizo salama zisajiliwe mapema, Bohari ya Dawa izinunue kwa wingi, na bima ya afya kwa wote, iliyopitishwa kuwa sheria mwaka 2023, iwalipie wanaostahili kwa shauri la tabibu. Mlo bora na matembezi havitafutwa kwa hayo. Lakini kumhubiria mgonjwa kiasi, na huku dawa yake imewekwa juu kuliko mkono wake, ni kumwadhibu mara mbili.